Maswali ya Wasomaji: Mizizi Minene ya Mimea ya Mitungi

Barua tunazopokea kuhusu mimea ya mitungi ya nchi za joto, yaani jenasi ya Nepenthes inayonasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi, kwa kawaida huuliza juu ya mitungi yenyewe: mbona haitoki, mbona inakauka, ilishwe nini. Safari hii tumekusanya zile zinazouliza juu ya kilichojificha udongoni. Nyingi zinahusu spishi za Indochina, yaani za Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam, ambazo tabia ya mizizi yake huwashangaza hata waliokwisha kukuza Nepenthes nyingine kwa muda mrefu.

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Nimehamisha Nepenthes smilesii kwenye chungu kikubwa zaidi, na chini ya shina nimekuta mizizi mitatu myeusi, migumu, yenye unene wa kidole. Nepenthes zangu nyingine zina mizizi myembamba tu. Huu ni ugonjwa? Niikate?

Jibu: Usiikate. N. smilesii ndivyo ilivyo. Jenasi hii ina spishi zaidi ya 160, na nyingi kati yake zina mizizi myembamba, myeusi, yenye vinyweleo vya kahawia, inayokatika ukiivuta kidogo tu. Spishi za Indochina ni tofauti. Pale shina linapokutana na mizizi huota kisiki kigumu, na kutoka kwenye kisiki hicho hushuka mizizi iliyonenepa. Utayaona hayo pia kwa N. thorelii, N. bokorensis, N. kampotiana, N. kongkandana, N. chang, N. holdenii na jamaa zao wa karibu. Mizizi myembamba nayo ipo. Hutokea pembeni mwa ile minene, na ndiyo inayofyonza maji siku hadi siku.

Hata hivyo yapo matatizo ya kweli yanayoweza kudhaniwa kuwa ni unene huu, kwa hiyo kagua kabla ya kuurudisha mmea udongoni. Kwanza tazama umbo. Mzizi mnene wa asili huanzia kwenye kitako cha shina, huwa mpana juu, kisha hupungua taratibu kuelekea chini. Mizizi iliyoshambuliwa na minyoo fundo huwa na vinundu vilivyotawanyika kwenye mizizi midogo, kimoja hapa kingine pale, bila mpangilio huo.

Kisha bonyeza kwa kidole gumba. Mzizi mzima haubonyei. Ukibonyea, ukateleza ganda lake na kuacha uzi katikati, huo umeoza. Ukiwa na shaka, kwangua ganda kwa ukucha, milimita 2 tu: ndani kunapaswa kuwa na unyevu na rangi hafifu. Rangi ya kahawia iliyoiva yenye harufu ya kinamasi ni uozo.

Mwisho, tafuta unga mweupe kwenye mikunjo ya mizizi na kwenye ukuta wa ndani wa chungu. Huo huachwa na vidung'ata wa mizizi. Ukiuona, tupa udongo wote, suuza mizizi kwa maji ya uvuguvugu mpaka iwe safi, osha chungu kwa maji ya moto, na utenge mmea huo. Rudia ukaguzi baada ya wiki mbili, maana mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa.

Swali: Kwa nini spishi hizi zihitaji mizizi ya namna hiyo? Nilidhani Nepenthes zote ni mimea ya misitu yenye mvua mwaka mzima.

Jibu: Wengi hudhani hivyo, na dhana hiyo ndiyo inayoua mimea mingi ya kundi hili. N. ampullaria ya misitu ya kinamasi, au zile za milima yenye ukungu ya Borneo na Sumatra, hazijui kiangazi kirefu. Indochina ni eneo la pepo za msimu. Mvua hunyesha takriban kuanzia Mei hadi Oktoba, kisha hufuata miezi mikavu mpaka Aprili. Kwenye uwanda wa juu wa Phu Kradueng, kaskazini mashariki mwa Thailand, N. smilesii huota katikati ya misonobari na nyasi, kwenye mchanga uliopata jua kali. Kiangazi kikifika nyasi hukauka, na moto hupita mara kwa mara. Nyasi huungua, shina la Nepenthes huungua, kisiki hubaki. Mvua za kwanza zinaponyesha, macho yaliyolala kwenye kisiki huamka na kutoa shina jipya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni N. holdenii ya milima ya Cardamom, Kambodia. Ilitambulishwa kwa sayansi mwaka 2010 na kupewa jina la mpiga picha Jeremy Holden. Ina kisiki kikubwa chini ya ardhi, na mara nyingi kisiki hicho ndicho pekee kinachovuka kiangazi na moto kikiwa hai.

Kwa hiyo mzizi mnene ni akiba ya maji na chakula, na kisiki kilicho juu yake ni hazina ya macho. Ukishika hilo, karibu kila jibu lililobaki katika kurasa hizi utaweza kulikisia mwenyewe. Mmea huu umejiandaa kwa udongo unaokauka na kupitisha hewa. Haukujiandaa kukaa miezi ndani ya tope.

Swali: Yangu inaitwa Ventrata. Nimechimba kidogo sioni kitu kinene. Nifanyeje ili inenepe mizizi?

Jibu: Hakuna la kufanya, na hakuna kasoro. Ventrata ni chotara wa N. ventricosa na N. alata, spishi mbili za Ufilipino zenye mizizi myembamba. Tabia hii hurithiwa; haiji kwa chungu kirefu wala kwa mbolea. Na tafadhali acha kuuchimba, kwa sababu mizizi myembamba ya Nepenthes ikikatika haiungi.

Swali: Naomba mchanganyiko kamili wa udongo na ukubwa wa chungu kwa N. thorelii na wenzake. Nimesoma mapishi mengi yanayopingana.

Jibu: Yanapingana kwa sababu kila mkuzaji humwagilia kivyake. Anayemwagilia kila siku huhitaji udongo mwepesi zaidi kuliko anayemwagilia mara mbili kwa wiki. Tutakupa mchanganyiko unaosamehe makosa mengi, kwa ujazo:

vipande vya makumbi ya nazi vya sentimita 1 hadi 1.5, sehemu 2;
jiwe jepesi la volkano (pumisi) au perlaiti ya chembe kubwa, sehemu 2;
sfagnamu (kuvumwani ya kinamasi) iliyokaushwa, ikakatwakatwa, sehemu 1;
mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, usio na chokaa, sehemu 1.

Makumbi yana chumvi, hasa yakiwa yametoka maeneo ya pwani, na ukiyatumia hivi hivi mizizi itaungua. Yaloweke kwa saa 24 kwenye maji safi, mwaga, rudia mara tatu. Loweko la mwisho likipimwa kwa kipima chumvi lisome chini ya sehemu 50 kwa milioni kuzidi maji uliyoanza nayo. Mchanga nao ujaribu kwa kuudondoshea siki: ukitoa mapovu una chokaa, usiutumie.

Udongo wa bustani, mboji ya takataka za jikoni na samadi havifai hata kidogo. Nepenthes zimezoea udongo fukara. Chumvi nyingi udongoni huyavuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza, na dalili yake ni ncha za majani kuwa nyeusi huku udongo ukiwa bado na unyevu.

Kuhusu chungu, kina ndicho muhimu kuliko upana. Mmea wenye majani yanayofikia sentimita 30 kutoka ncha hadi ncha utoshee chungu cha kina cha sentimita 18 hadi 20 na upana wa sentimita 14 hadi 16. Kikiwa kifupi, mizizi minene hugonga chini na kujizungusha, na hapo ndipo maji husimama. Plastiki yafaa. Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi hupitisha hewa vizuri lakini hukusanya chumvi kwenye kuta zake, kwa hiyo kitahitaji kubadilishwa mapema.

Toboa mashimo yasiyopungua matano ya upana wa sentimita 1. Usiweke tabaka la kokoto chini. Ushauri wa kokoto umeenea sana, na ni mbaya: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo wa chembe ndogo kwenda kwenye kokoto, hivyo yale ambayo yangesimama kwenye kitako cha chungu hupanda na kusimama juu ya kokoto, karibu zaidi na kisiki. Kipande cha wavu kinachozuia udongo usimwagike kinatosha.

Wakati wa kupanda, loweka kwanza chungu cha zamani kwa nusu saa ili udongo uachie. Geuza chungu, saidia donge kwa kiganja, usivute shina. Usilivunje donge, ondoa tu udongo unaodondoka wenyewe. Weka kisiki usawa uleule kilipokuwa. Kukizamisha sentimita 3 au 4 zaidi, kwa nia ya kuusimamisha mmea uliolegea, ni kulialika shina lioze. Kama mmea umelegea, ufunge kwenye kijiti. Jaza udongo pembeni kwa kugongagonga chungu mezani badala ya kukandamiza kwa vidole. Mwagilia mpaka maji yatoke chini kwa wingi, kisha weka kivulini kwenye mwanga kwa siku 10 hadi 14 kabla ya kuurudisha juani. Majani mawili matatu ya chini yakigeuka njano katika siku hizo, usihangaike.

Swali: Je, ni lazima niuweke mmea kwenye kiangazi kama kule kwao? Naogopa kuukausha.

Jibu: Si lazima. Mmea ulio kwenye joto, mwanga wa kutosha na udongo unaopitisha maji utaendelea kukua mwaka mzima bila kupumzika. Wakuzaji wengi hawauachi ukauke, na mimea yao hustawi. Mizizi minene huuwezesha mmea kustahimili ukame, haimaanishi unaudai.

Kipo kisa kimoja ambacho mapumziko husaidia kweli: pale ambapo majira ya baridi hushusha joto la usiku chini ya nyuzi 18 na mwanga hupungua. Mmea hupunguza ukuaji, mizizi hufyonza kidogo, lakini mkono wa mmwagiliaji unaendelea na mazoea yale yale. Baridi na maji pamoja ndivyo vinavyoozesha mizizi minene, kuliko baridi peke yake au ukame peke yake.

Katika hali hiyo punguza maji kwa hatua. Wiki ya kwanza na ya pili, acha sentimita 2 za juu zikauke kabla ya kumwagilia. Wiki ya tatu, acha sentimita 5. Baada ya hapo mwagilia kila baada ya siku 7 hadi 10, kiasi cha kulowesha tu, wala usiache maji kwenye sahani chini ya chungu. Usiufikishe udongo kwenye ukavu wa vumbi mpaka chini: mizizi minene itavumilia, lakini ile myembamba itakufa yote, na mmea utaanza msimu mpya ukiwa hauna cha kunywea. Choma kijiti cha mbao mpaka katikati ya chungu na ukiache dakika 10. Kikitoka kikavu kabisa, umechelewa. Mitungi itakauka kuanzia kwenye midomo, nayo ni ya kwanza kuachwa na mmea unaobana matumizi. Ikate ikiwa imekauka yote. Jani lililo kijani liache.

Joto likirudi, mwagilia kidogo kidogo kwa wiki mbili, kisha rudi kwenye utaratibu wa kawaida. Spishi hizi hupenda mchana wa nyuzi 28 hadi 34 na usiku wa nyuzi 20 hadi 25, pamoja na jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 hadi 6 kila siku. Kwenye kivuli kizito hurefusha majani na hazitoi mitungi.

Maji yenyewe yawe ya mvua, yaliyokenekwa, au yaliyochujwa chumvi. Chini ya sehemu 50 kwa milioni ni bora. Mpaka 100 mmea huvumilia ukiusuuza udongo kila mwezi kwa maji mengi yanayopita moja kwa moja.

Swali: Shina la N. kampotiana yangu limekauka lote mpaka usawa wa udongo. Nilitupe?

Jibu: Subiri. Kwangua kisiki kwa ukucha pale chini kabisa. Kama kuna unyevu na ugumu, kiko hai. Kata shina lililokufa ukiacha kishina cha sentimita 3 juu ya udongo, halafu kumbuka jambo moja: mmea usio na majani hauvuti maji. Majani ndiyo yanayotoa maji hewani na kuifanya mizizi ifyonze mengine. Bila majani, chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku 3 kitabaki na maji kwa wiki 2 au zaidi. Wasomaji wengi wanaopoteza mimea katika hatua hii huiua kwa huruma, kwa kuimwagilia zaidi wakidhani imekauka kwa kiu.

Nyunyiza tu pembeni mwa chungu pale sentimita 5 za juu zinapokauka. Weka penye joto la nyuzi 26 hadi 30 na mwanga mwingi. Chipukizi huonekana baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili mitatu, kama ncha nyekundu au ya kijani pembeni mwa kisiki. Yakitoka maotea zaidi ya moja, yaache yote mpaka yafike majani manne. Baadaye unaweza kupunguza.

Na uchunguze sababu. Kama hukubadilisha umwagiliaji na shina likafa ghafla katikati ya msimu wa joto, huenda kisiki kinaoza. Soma jibu linalofuata.

Swali: Mizizi imeoza nusu. Majani yamenyong'onyea ingawa udongo umelowa. Kuna la kuokoa?

Jibu: Majani kunyong'onyea juu ya udongo uliolowa ni dalili ya wazi kwamba mizizi haifanyi kazi tena. Usisubiri kesho. Kabla hujagusa mizizi, chukua vipandikizi kutoka juu ya shina, maana kisiki kinaweza kufa mikononi mwako na vipandikizi ndivyo vitakavyobaki.

Kata vipande vyenye vifundo 2 au 3 (pale majani yanapotokea kwenye shina), kwa wembe uliofutwa na spiriti ya asilimia 70. Kila jani likate katikati, ubakize nusu iliyo upande wa shina, ili lisitoe maji mengi. Ncha ya chini ikatwe mshazari, milimita 5 hadi 10 chini ya kifundo. Sokomeza kwenye sfagnamu iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa mpaka isidondoshe, funika kwa mfuko mwangavu, weka kwenye nyuzi 25 hadi 28 na mwanga usio wa jua kali. Mizizi huota kwa wiki 6 hadi 10. Fungua mfuko dakika chache kila siku mbili. Usivute kipandikizi kuangalia kama kimeota. Jani jipya litakuambia.

Sasa mizizi. Osha udongo wote. Kata kila kilicho laini, ukirudi nyuma kidogo kidogo mpaka mkato uwe wa rangi hafifu tupu, bila hata doa la kahawia katikati. Futa wembe kwa spiriti baada ya kila mkato, si mwishoni tu. Hili watu hulichoka haraka, na uozo husafiri kwenye wembe. Paka unga wa salfa kwenye vidonda na uviache kivulini vikauke saa moja au mbili, huku mizizi myembamba iliyobaki ikifunikwa na kitambaa chenye unyevu, kwa sababu hiyo haiwezi kukaa hewani muda huo.

Panda kwenye pumisi sehemu 3 na sfagnamu sehemu 1, kwenye chungu kidogo kinachotosha mizizi iliyobaki tu. Chungu kikubwa hubeba maji ambayo hakuna wa kuyanywa. Usimwagilie siku 2 za kwanza. Unyevu wa sfagnamu unatosha. Kata nusu ya majani yote yaliyobaki. Usitie mbolea mpaka mtungi wa kwanza ufunguke.

Kama udongo wa zamani ulikuwa na visubi weusi wadogo wanaoruka ukiugusa, hilo lilikuwa onyo. Funza wao hula vitu vinavyooza, na wakizidi hutafuna mizizi michanga. Wapo kwa sababu udongo umelowa muda mrefu na umechakaa. Makumbi na sfagnamu huvunjika na kuwa tope baada ya miaka miwili hivi, hata kama juu panaonekana pazuri.

Swali: Naweza kukata kipande cha mzizi mnene nikakipanda kama kiazi?

Jibu: Hapana. Macho yako kwenye kisiki na kwenye shina; usitegemee kipande cha mzizi kitachipua. Utakuwa umemjeruhi mzazi bila kupata mtoto. Kama mmea una otea lililotoka chini ya udongo na lina mizizi yake, hilo laweza kutenganishwa wakati wa kubadilisha chungu: subiri lifikie majani matano, likate karibu na kisiki pamoja na mizizi yake, paka salfa pande zote mbili. Zaidi ya hapo tumia vipandikizi vya shina. Usitarajie kipandikizi kiwe na mizizi minene katika mwaka wake wa kwanza.

Swali: Nimeona picha za mizizi hii ikiwa imeinuliwa juu ya udongo kama mapambo, kwa namna ya wakuzaji wa adeniamu (waridi la jangwa). Yangu nifanye hivyo?

Jibu: Tunashauri usifanye. Adeniamu ina ganda nene lililozoea jua na upepo. Mizizi ya Nepenthes, hata iliyonenepa, imezoea giza la udongo, na mizizi myembamba inayotoka pembeni mwake hufa mara tu inapowekwa hewani. Unachopata ni umbo la kuvutia lililopoteza sehemu ya midomo yake ya kunywea, pamoja na macho ya kisiki yanayokauka kabla ya kuhitajiwa.

Anayetaka kwa vyovyote aanze na mmea wenye afya uliokaa chungu kimoja mwaka mzima, afunue sentimita 1 tu ya juu ya kisiki mwanzoni mwa msimu wa ukuaji, na asiongeze mpaka mwaka unaofuata. Mizizi yenyewe ibaki chini. Ganda likionyesha nyufa au mikunjo, afukie.

Swali: Nimesikia ipo Nepenthes inayotega wadudu chini ya ardhi. Mitungi yake huota kwenye mizizi minene?

Jibu: Unaizungumzia N. pudica ya Kalimantan Kaskazini, Indonesia, iliyotambulishwa mwaka 2022. Mitungi yake haioti kwenye mizizi. Mmea hutoa machipukizi ya shina yanayoelekea chini, yenye majani madogo yaliyokosa rangi ya kijani, na mitungi ya hadi sentimita 11 hujazana ndani ya mashimo ya asili chini ya mizizi ya miti au ndani ya kuvumwani na udongo laini. Huko hunasa hasa sisimizi na wadudu wengine waishio udongoni. Huota kwenye vilima vya mita 1,100 hadi 1,300, mahali tofauti kabisa na nyika kavu za Indochina, wala haihusiani na akiba ya kiangazi.

Swali: Muuzaji ananiletea N. thorelii "yenye kiazi kikubwa", bila udongo, mizizi mitupu. Ninunue?

Jibu: Uliza maswali kwanza. Mzizi mnene unaifanya mimea hii istahimili safari ndefu bila udongo, na hilo hilo limewavutia wanaoing'oa porini. Mmea uliochimbwa hutambulika kwa mambo kadhaa kwa pamoja: kisiki kinene, kizee, chenye makovu ya mashina mengi ya zamani, mizizi minene iliyokatwa wazi kwa jembe au panga, karibu hakuna mizizi myembamba, majani machache yenye madoa, saizi zisizolingana, pengine na masizi ya moto. Uliokuzwa kwenye chungu una mizizi mingi myembamba, mara nyingi iliyochukua umbo la chungu, na vipande vya makumbi au perlaiti vimenasa humo.

Nepenthes zote zimo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini. N. rajah ya Borneo na N. khasiana ya India ziko Kiambatisho cha I, chenye masharti makali zaidi. Zilizobaki zote ziko Kiambatisho cha II. Mmea unaovuka mpaka wa nchi unapaswa kuwa na hati zake, na muuzaji wa kweli huzitoa bila kusukumwa.

Jina nalo lichunguze. N. thorelii ilitambulishwa na mtaalamu wa mimea Mfaransa, Lecomte, mwaka 1909 kutokana na sampuli za kusini mwa Vietnam, na kwa miaka mingi jina hilo lilibandikwa kwenye mimea mingi ya Indochina ambayo si yenyewe. Mizizi minene na kisiki kikubwa havithibitishi kuwa ni thorelii; vinathibitisha tu kuwa ni jamaa ya kundi hilo. Muulize mbegu au kipandikizi kilitoka kwa nani.

Ukiridhika na ukanunua mmea wenye mizizi mitupu, uloweke mizizi kwa dakika 20 kwenye maji ya mvua ya uvuguvugu, kata sehemu zilizopondeka, paka salfa, panda kwenye ule mchanganyiko wa pumisi sehemu 3 na sfagnamu sehemu 1, funika kwa mfuko mwangavu wiki 3 za kwanza, kisha utoboe mfuko matundu machache kila siku 3 mpaka mmea uzoee hewa ya kawaida.